Kiambatisho cha Saba

Nimefika Kara-Bulung, milimani kwa Wakirgizi,
na kompyuta, na buti za kuazima,
mshauri wa siku kumi na nane, mkataba wa kurasa sita.
Wizarani walinipa chai na jedwali:
katika kila uniti mia zinazotoka bwawani
ishirini na sita hazijulikani ziliishia wapi.
"Upotevu," wakasema, kwa sauti ya msiba wa jirani.

Kazi yangu ni kusema bei ipande.
Naisema vizuri. Nimeisema Moldova, nimeisema Armenia,
neno kwa neno, nikibadilisha jina la mto.

Leo nafuatana na Burulkan, msoma mita,
mwanamke mfupi, tochi mdomoni,
daftari amelichomeka ndani ya glavu.
Ghorofa ya nne. Lifti ilikufa zamani, haikuzikwa.
Mlangoni kwa Toktosun, mshona kofia,
nauona: waya mwekundu
umepita nyuma ya mita
kama mwizi aliyevua viatu.
Burulkan anaandika namba. Hanitazami.

Jikoni hita mbili zinawaka
na pumzi zetu bado zinaonekana.
Dirisha limebandikwa gazeti, juu ya gazeti tambara,
juu ya tambara zulia la sufu ya kondoo,
na zulia linatikisika.
Toktosun haombi radhi. Anaushika mkono wangu,
anauweka kwenye ufa wa fremu:
baridi inaning'ata vidole
kama mbwa wa nyumba nisiyoijua.
"Unahesabu kinachoingia," anasema,
Burulkan akinitafsiria polepole.
"Hesabu na kinachotoka."

Usiku, hotelini.
Boila ni ya umeme, na bomba la joto chini ya dirisha
halina koki; linachemka kama lina kesi na mtu.
Navua shati. Nje ni nyuzi ishirini na tatu
chini ya sifuri.
Nafungua dirisha nipate kupumua,
na hivyo hivyo, kifua wazi, nikiipasha moto barabara,
naandika sura ya matumizi bora ya nishati.

Ripoti ikasomwa. Bei ikapanda Aprili.
Madirisha yamo, niliyaweka:
fremu, vioo viwili viwili, gharama kwa kila nyumba,
miaka mitano fedha imesharudi.
Kiambatisho cha saba,
baada ya orodha ya vifupisho.
Mtu wa benki aliniandikia: kazi safi.

Waya mwekundu sikuutaja popote.
Huenda ni huruma. Huenda niliona haya
kumshtaki mtu aliyenishika mkono.
Lakini kwenye jedwali umo, mle mle,
ndani ya zile ishirini na sita.

Barabara niliyoipasha moto
usiku kumi na saba
haimo.
Ile ina risiti.