Kielelezo Namba Mbili

Samansi ililetwa Ijumaa, saa ya chai,
na konstebo kijana aliyeegemea mlango
akauliza pia, maadamu amefika,
kama naweza kupunguza suruali yake kiunoni.
Nikatia sahihi kwa chaki ya kitambaa.
Akacheka, akanipa kalamu.

Peris Kavata Musau, fundi, Soko la Jericho:
unatakiwa kufika mbele ya mahakama ya Makadara
tarehe nne Januari, saa tatu asubuhi, bila kukosa.
Usipofika, ikaendelea karatasi,
na hapo chini sikusoma.

Asiye fundi hajui Januari ni nini.
Shule zinafunguliwa. Marinda thelathini na mawili
yamelala mezani bila pindo,
wazazi wamelipa nusu, na nusu hiyo tumeshaila.
Nilimwachia Achola wa duka la pili ufunguo,
nikamwachia na Mutheu wangu, anayekohoa,
nikamwonyesha dawa, kijiko, bobini,
nikaifuata Barabara ya Jogoo kwa miguu
pini zingali zimechomekwa kifuani.
Askari wa langoni akazitoa moja moja,
akazitia kwenye bakuli la plastiki. Saba.

Siku hiyo wakili hakuja.
Mara ya pili faili haikuonekana.
Mara ya tatu hakimu alikuwa na semina Naivasha.
"Shahidi, umepewa tarehe nyingine," karani alisema,
kama anayenigawia sukari.
Wateja wakajifunza kunitania:
Mheshimiwa, na rinda langu limeahirishwa?
Shemeji akasema, Achana nao. Kwani uliona nini wewe?

Niliona, usiku wa mvua, nikifunga duka,
mtu akimpiga Masinde, mlinzi wa duka la dawa,
kwa bomba la chuma, kisha akikimbia.
Sura sikuiona. Niliona mgongo.
Niliona koti la kijani, na chini ya bega kiraka
nilichokishona mimi
kwa uzi wa samawati, maana wa kijani uliisha.

Benchi la korido ni moja tu.
Shahidi na mama wa mshtakiwa hukaa pamoja.
Mara ya nne alinimegea mhogo wa kuchemsha
kabla hajajua mimi ni nani.
Alipojua, alisogea kidogo,
kiasi cha mkoba wake kukaa kati yetu.
Nami mhogo nilikuwa nimeshaumeza.

Mwezi wa tano wakaniita. "Paris Kavata!"
Peris, nikasema. Huo ukawa ukweli wangu wa kwanza.
Nikashika Biblia iliyochanika mgongo, nikawaza gundi.
Mwendesha mashtaka akafungua mfuko wa khaki:
Kielelezo namba mbili. Unalitambua koti hili?

Mishono midogo, fundo limefichwa ndani,
uzi umerudiwa mara mbili kila pembe.
Hiyo ndiyo sahihi yangu. Ile ya chaki ilikuwa mzaha.
Nikaikumbuka siku Lihanda alipolileta:
mimi nataka sitini, yeye ana arobaini,
nikamwambia, Nenda, utaniletea.
Hakuleta, wala sikumdai.
Sasa yuko kizimbani, ananitazama mikono, si uso.

"Nalitambua."
Nyuma yangu mtu alivuta pumzi, sikusikia akiitoa.
"Nyuzi za samawati ni nyingi Nairobi," wakili akasema.
Ni nyingi, nikajibu. Mkono ni huu mmoja.

Wakanipa koti nimwonyeshe hakimu.
Pembe moja ya kiraka ilikuwa imeachia,
labda ni polisi, labda ni miezi ya kukunjwa stoo.
Mbele ya hakimu, ya wakili, ya mama, ya kijana,
kidole changu kilikuwa kimeshaingia tunduni,
na mkono wa pili, wenyewe, ukapanda kifuani
kutafuta pini
zilizobaki langoni, bakulini, zote saba.