Riali Kumi na Tisa na Nusu

Sohar, bandarini, saa nane mchana.
Joto linaingia hata ndani ya kalamu.
Meli iliyokuwa ikienda Jebel Ali
imekataa kupita kwenye mlango wa bahari,
imetutapikia makontena mia tatu, ikageuza,
na kila moja lina karatasi za safari nyingine.

Mfumo umeyapaka rangi. Kijani, pita.
Njano, lete hati.
Nyekundu ni la Mundhir wa Liwa:
mota ndogo, mia nne na themanini.
Tangu vita vianze, mota ndogo zote ni watuhumiwa;
kinachozunguka darini kinaweza kuruka.

"Feni, mwanangu, za madrasa,"
ananiambia kwa Kiswahili cha Wete, kile cha baba,
kusudi nilainike. Sikulainika.
Nyumbani twaziita panga boi.
Nikacheka kimoyomoyo: jina lenyewe
limeficha silaha, na hakuna aliyelitamka forodhani.

Nikakata lakiri.
Boksi la kwanza, feni. La kumi na saba, feni.
La mwisho, kule nyuma, lililolowa pembeni,
niliinamia kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.
Feni.
Nikalisukuma panga lake kwa kidole,
likazunguka mara mbili, likasimama.

Hiyo ndiyo hatari yote niliyoiona kwa macho.
Nyingine imo kwenye ankara:
bidhaa, elfu nne mia tatu na ishirini;
nauli, mia sita na kumi;
bima, zamani kumi na tatu, leo mia tatu na tisini.
Sheria haijui vita. Hujumlisha tu,
kisha hukata asilimia tano.

Mundhir alipiga hesabu kiganjani.
"Hii kumi na tisa na nusu, juu ya bima,
ni ushuru wa nini? Mimi sikuagiza woga.
Kreni haikuushusha. Wewe hukuufungua."

Nilitaka kumwambia: mwenye bima anajilinda,
mwenye meli anajilinda, serikali inajilinda,
na saini yangu hii, nani anailinda?
Kesho mota moja ikiokotwa mbali, imeungua,
hakuna atakayeuhoji mfumo.
Watamwita Shinuna binti Hilal,
zamu ya mchana, wino wa buluu.

Sikumwambia.
Niliandika: Imekaguliwa. Iruhusiwe.
Akalipa, akaomba risiti, akaigeuza,
akaandika nyuma yake kwa penseli:
hofu, 19.500,
akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu.

Panga boi la ofisi yetu limekufa tangu Ramadhani.
Nimelitazama kidogo.
Kwenye skrini, nyekundu nyingine:
maziwa ya watoto, makopo elfu mbili,
nchi ya asili haisomeki.