Anna Mbili ya Mwaka wa Kumi na Moja

Ubao alinichongea Faki, seremala wa Jadida:
mti wa mfenesi, vishimo arubaini,
kila kimoja kadiri ya ukucha wa kidole gumba.
Ndani nikatandika mahameli ya kijani
iliyobaki kwenye mito ya arusi ya dada yangu.

Ya kwanza alinipa bibi siku niliyotahiriwa.
Akaitia kiganjani, akanikunja vidole:
"Anna mbili hiyo. Fedha tupu."
Nililia, lakini sikuiachia.

Nyengine zilikuja zilivyotaka.
Moja ilikuwa shingoni mwa mtoto, Kizimbandani,
imetobolewa, imefungwa uzi mweusi;
nikangoja kikohozi chake kipoe ndipo niiombe.
Nne aliniuzia sonara wa Chake
kwa uzito tu, mwaka haumhusu.
Moja nililipia jogoo, na jogoo alikuwa wa mke wangu.

Mimi nilikuwa karani wa posta, hapa Wete.
Maisha yangu mihuri.
Nazijua tarehe kuliko nizijuavyo nyuso.

Kikabaki kishimo kimoja: mwaka wa kumi na moja.

Mwaka ule, wazee walinihadithia,
mfalme mpya alichorwa na joho lake,
na kifuani pa joho ndovu mdogo kama chawa.
Mchoraji akamfupisha mkonga.
Watu wakaigeuza mwangani, wakatema mate:
Ndovu gani huyu? Huyu nguruwe!
Zikakataliwa madukani, zikarejeshwa motoni.

Nani Pemba angeiweka?
Miaka kumi na saba nikiuliza, nikichekwa.
Usiku nilitia kidole katika kishimo kile kitupu
hata mahameli yake ikaota upara.

Ijumaa moja nipo dukani kwa Bi Mize, kununua ubani.
Mara uzi wa mizani ukakatika,
kisahani kikabingirika mpaka miguuni pangu,
kikalala kifudifudi.
Mgongoni mwake, ndani ya nta nyeusi, duara dogo.

"Usiibandue," alisema. "Baba ndiye aliyeibandika.
Kisahani hicho chepesi tangu kufuliwa kwake.
Bila ya hiyo, mizani yangu mwizi."

Nikaisugua kwa mate.
Ukatokea mwaka, kisha joho,
kisha yule mnyama na kijikonga chake,
ananitazama bila ya haya.

"Bi Mize, chukua elfu hamsini."
"Hata ukinipa laki. Ubani nitaupimia noti?"

Nikaenda nyumbani mbio, na magoti yangu haya,
nikaleta ya mwaka wa kumi, ninazo tatu.
Tukaibandika, tukafunga uzi mpya.
Mizani ikalala upande.
Yangu imelambwa na viganja vya watu,
hii yake imejificha kwenye nta, haijaguswa.
Tukaongeza punje ya mchele. Ikazidi.
Bi Mize akaing'ata kwa meno ya mbele,
akabandika nusu.
Ulimi wa mizani ukasimama kama alifu.

Akanikabidhi ile nyengine kwa ncha za vidole.
"Nguruwe huyu," alisema,
"ametulisha halali miaka sitini."

Usiku nikaitia mahali pake.
Tik.
Arubaini.

Salme akainua taa, akatazama, akanitazama.
"Haya. Na sasa?"
Sikuwa na la kumjibu.
Kidole kilikuwa kinauzunguka ubao,
safu kwa safu,
kinatafuta pa kuingia.

Siku hizi nanunua ubani kuliko tunavyofukiza.
Nasimama mbele ya mizani ile, siutazami ubani,
nautazama ulimi.
Mchele huliwa na fukusi, Bi Mize.
Kesho nitakuja na nusu punje nyengine,
mfukoni, imefungwa katika karatasi,
na tarehe yake juu.