Arobaini na Mbili

Walituandika namba mabegani pale Raskazone:
wewe arobaini na moja, mimi na mbili.
Tukacheka, Semkiwa, kama ng'ombe wa mnada.
Hatukuahidiana kitu.

Wewe huvutia pumzi kushoto, mimi kulia,
basi kila mpigo wa pili tulionana:
jicho jekundu kwa jicho jekundu,
vinywa vimepinda, vinadai hewa.

Karibu na Toten maji yakapoa ghafla,
konyeza akanikonyeza pajani.
Nikapiga ukelele ndani ya chumvi.
Ulisikia. Najua ulisikia;
jicho lako lilisita pumzi moja,
kisha likaenda zake.

Nikageuka kulia: maji.
Tena kulia: maji,
na povu la miguu yako likipungua, likipungua.
Nilikutukana hadi boya la mwisho.
Nadhani ni matusi yaliyonifikisha.

Nilitoka nikitambaa, maganda ya chaza yakinikwangua magoti,
nikayaona kwanza makanyagio yako
kwenye mchanga unaochoma.
Wa saba, umesimama juani,
chupa ya siki kwapani,
ndala zangu mkononi,
mwenyewe peku.