Nusukaputi

Walimlaza Jumanne, baba yangu Walenty,
fundi wa mitambo ya kufuma hapa Łódź,
miaka thelathini na minane vumbi la pamba kwenye nyusi.

Daktari wa usingizi, mama mmoja wa sauti ya chini,
alituonyesha kichupa kisichozidi kidole gumba.
"Hiki humwondolea mtu hofu. Ila wazee wengine
huchelewa kurudi. Nitampa kidogo."
Baba akacheka: "Nipe chote. Kodi nimelipa."

Saa mbili na robo moyo wake ulikaa bila kazi,
mashine ikamshikia zamu.
Kisha ukaanza tena. Wakaja kutuambia, wanatabasamu:
vali mpya, mshono safi, mkojo mzuri.
Kichwa hakuna aliyekitaja.

Usiku wa pili aliamkia kiwandani.
Muuguzi Dobrosława akawa msimamizi
aliyemkata mshahara mwaka wa sabini na sita.
Mirija ikawa nyuzi zilizokatika.
Akaishika mmoja mmoja, kwa adabu ya kazi,
akitafuta ncha, akitaka kuunga,
hata damu ikaruka kwenye shuka.
"Zima mtambo! Kitambaa kinaharibika!
Na wewe, binti wa nani, unasimama tu?"

Binti wa nani.

Wakamfunga mikono kwa vitambaa laini.
Nikavigusa. Pamba.

Kulipokucha nikauliza: ni ile dawa?
Labda dawa, daktari akasema. Labda umri, labda pampu,
labda chumba kisicho na dirisha.
Sijui, akasema, akavuta kiti,
akakaa nami humo humo ndani ya kutojua.

Nusukaputi.
Na ile nusu nyingine, hukaa wapi?

Nikaleta miwani yake, saa yake, meno yake.
Nikamtajia siku: Ijumaa. Nikamtajia mji.
Nikamwambia kiwanda kilifungwa, baba,
pale palipokuwa na mtambo wako wanauza viatu.
Akalia kwa hilo, akili timamu kabisa,
kisha akaniuliza zamu inaisha saa ngapi.

Jumapili alinitazama kwa muda mrefu.
"Leokadia," akasema.
Ni jina la marehemu mama.
Nikaitika.

Sasa yuko nyumbani, anapanda ngazi, ananijua.
Ila mezani, mara moja moja,
vidole vyake hukuta uzi kwenye pindo la kitambaa,
husimama hapo, huvuta kidogo,
halafu hunitupia jicho kama nimeona.

Mimi namimina chai.