Chumba cha Joto, Rusayl

Ramani ya kampuni ukutani ina vitone vitano.
Incheon wanaamua.
Hyderabad wanaandika programu.
Wrocław, mji ambao ulimi wangu bado unaukwepa,
wanapima mawimbi. Penang wanakunja vioo.
Na sisi huku Rusayl, kitone cha rangi ya chungwa,
tumebandikwa pembeni, na chini yetu
neno moja tu: Joto.

Wenzetu wamegawiwa kufikiri, sisi tumegawiwa jua.
Sikulalamika. Mshahara hauulizi umeungulia wapi.

Kila Jumatatu, mkutano.
Incheon ni saa sita, adhuhuri yao imekwisha wiva.
Kwa Venkatesh saa mbili na nusu, chai mkononi.
Kwetu saa moja.
Kwa Halina wa Wrocław ni saa kumi na moja alfajiri,
kamera kaizima, namsikia paka wake tu.
Kila mtu anasema "leo",
na kila leo ina umri wake.

Kazi yangu ni kuoka simu.
Thelathini kwa mpigo, nyuzi hamsini, hamsini na tano, sitini,
kisha nazinyunyizia vumbi la majaribio
lililochekechwa, likatiwa mkebeni,
likaletwa kwa ndege kutoka Ujerumani.
Vumbi! Kwa ndege! Oman!
Shinuna alicheka hata akakaa sakafuni.
"Letu halina cheti," nikamwambia.

Sitini ndio mwisho wa waraka.
Tanuri linalia, simu zinatoka nzima,
naandika: zimefaulu.

Agosti nikaenda Barka kwa shangazi yangu, Bi Zuweina.
Nafungua friji nitafute maji,
naiona simu yetu, toleo jipya kabisa,
imelala mlangoni kati ya ndimu na chupa ya samli,
imefungwa mpira wa nywele kiunoni.
"Iache ipoe," akasema.
"Niliisahau garini. Mgongo umebanduka
kama ganda la ndizi."

Siku ya pili nikampeleka hospitali kufuata dawa za presha.
Yeye foleni, mimi nje, saa nane mchana,
nimelaza kipimajoto cha kazini juu ya dashibodi.
Sabini na nne.

Niliandika ripoti ya kurasa sita.
Incheon wakajibu kwa mistari miwili:
Waraka unaishia sitini.
Hakuna binadamu akaaye kwenye sabini.

Kweli. Binadamu hushuka garini.
Simu husahauliwa.
Nikawaandikia hivyo hivyo. Kimya,
isipokuwa Halina, pembeni, faraghani:
tuma picha ya ile friji.

Nikatuma. Picha ikatembea nchi nisizozijua.
Penang wakataka upana wa mpira wa nywele.
Hyderabad wakaipa namba, tatizo la 4417.
Mtu mmoja akauliza samli ni nini,
majibu yakawa marefu kuliko ripoti yangu.
Ikapanda ghorofa kwa ghorofa, na baada ya miezi kumi na moja
ikateremka gundi mpya, nyeusi, yenye harufu ya lami,
pamoja na waraka mpya: themanini.

Kwenye hataza kuna majina saba.
Langu halimo.
La Halina limo, mwishoni, na nadhani aliona haya,
maana Jumatatu ile aliwasha kamera.
Ana mvi. Sikutegemea mvi.
Paka ni wa rangi ya chungwa.

Nilimpelekea Bi Zuweina simu mpya.
Akataka nimsomee kile kikaratasi chake,
lugha kumi na nne, Kiswahili hakimo,
nikawa namgeuzia mstari kwa mstari
mpaka onyo la tisa:
Usihifadhi kifaa hiki ndani ya jokofu.

Akanyamaza. Akautengeneza mtandio.
"Rudia hapo," akasema.
Nikarudia.
"Kumbe wamenitaja."