Adabu ya Kioo

Alfajiri, nyuma ya benki mpya ya Ruse,
Radostina anainama na kifagio:
popo wa tatu wiki hii,
mwepesi kama ganda la jozi.
Kifua bado kinapiga.

Usiku kucha alikuwa akibisha hodi.
Hodi, kwa mti; mti ukaitika.
Hodi, kwa nondo; naye nondo, maskini, akajibu.
Hodi, kwa ukuta wa zamani uliobanduka chokaa,
ukamwambia: nipo, pinda.

Kioo hakikusema kitu.
Kiliipokea sauti yake ubavuni
kikaitupa kando, huko kwenye mto Danubi,
na kwa popo, kimya ni njia.
Jibu lilimfikia pua ikiwa imeshagusa.

Radostina anamlaza ndani ya glavu ya sufu,
anaitundika kwenye ufa wa ukuta ule mkongwe.
Kisha anachukua gundi, na trei za mayai
alizokusanya tangu Jumatatu,
anazibandika kioo kizima,
vibonde na vilima.

Meneja anashuka garini, mdomo wazi.
“Nini tena hiki?”

“Nakifundisha kuitikia hodi.”